Mtoto Anayesimama Pembeni ya Maji

Ni sisi tena, vijana wa Nengo. Tuliahidi kuandika juu ya watoto na masomo, tukakawia. Leo tumekaa chini: simu moja, vichwa saba, kila mtu anasema lake na mmoja wetu anaandika. Kama kuna makosa, ni ya wote.

Tuanze na ziwa.

Jumapili moja tuliwashusha watoto wa masomo yetu ya Jumamosi mpaka ufuoni, hapa Gisenyi. Walikuwa kumi na wanne. Kabla hata hatujavua viatu, wanne walishaingia Kivu na nguo zao. Wengine waliangalia kidogo, wakaona wenzao hawafi, wakafuata. Wawili watatu walibaki mchangani, wanalowesha vidole, wanarudi, wanaenda, wanarudi tena. Na mmoja, binti wa miaka kumi, alisimama mbali kabisa, mikono ameikunja, macho kwenye maji. Hasogei.

Mmoja wetu akamwita: "Kuya! Maji haitakukula!" Hakuja. Akamshika mkono, akamvuta kidogo. Binti akaanza kulia. Basi, tukamwacha, na tukasema neno ambalo tunalijutia mpaka leo: "Uyu ni mwoga tu. Hata ku masomo iko vile vile."

Baada ya saa nzima, tukiwa tunagawa mandazi, tulihesabu watoto, akakosekana mmoja. Moyo ukaruka. Tukageuka: yule binti yuko majini, maji yamemfika kiunoni, anacheka na wenzake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ameingia saa ngapi.

Tunaomba mkumbuke picha hii, kwa sababu yote tunayotaka kusema iko ndani yake.

Kwa wale ambao hawatujui: sisi tumetoka upande wa pili wa mpaka. Wengine wetu walivuka Novemba 2012 wakiwa watoto wa kubebwa mgongoni. Wengine walikuja Mei 2021 Nyiragongo ilipotema moto, wazazi wakaona hakuna cha kurudia, wakabaki. Wengi tulivuka Januari 2025, na hiyo hatuna haja ya kuieleza, kila mtu anaijua. Tunakaa Nengo na mitaa ya karibu, wengine kwa ndugu, wengine kwenye vyumba vya kupanga. Kila Jumamosi asubuhi tunafundisha watoto kwenye baraza la nyumba ya mama mmoja mwenye moyo. Hatuna shahada. Tuna ubao wa mbao tuliopaka rangi nyeusi, na chaki.

Watoto wanaokuja wana mzigo ambao watu wa nje hawauoni. Kule Goma walisoma kwa Kiswahili na Kifaransa. Hapa wanakuta masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, na kwenye uwanja wa michezo ni Kinyarwanda. Tangu mwisho wa mwaka 2019 serikali ya Rwanda ilisema Kiingereza kianze toka darasa la kwanza la msingi. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa darasa la nne Goma anafika hapa, anapimwa kwa lugha asiyoijua, anarudishwa la pili au la tatu. Anakaa na watoto wanaomfikia kifuani. Hayo tunayajua wote. Ila tuliona jambo lingine: watoto wawili wanatoka mtaa mmoja, wanavuka wiki moja, wanaingia darasa moja, na baada ya muhula mmoja, mmoja anaimba Kiingereza njia nzima na mwingine hajafungua mdomo. Ju ya nini?

Tulikuwa na jibu la haraka: huyu ana akili, yule hana. Jibu hilo lilitugharimu, na tutaeleza.

Mama wa yule binti wa ziwani alikuja kwetu Alhamisi moja jioni, buletini mkononi. Alikaa kwenye kibao, hakutaka hata chai. Akasema hivi, tunaandika kama alivyosema:

"Batoto yangu, mi nimechoka. Kule alikuwa mu ya ine, anapata makumi saba kwa mia. Hapa balimurudisha mu ya pili, na iyo ya pili yenyewe imemushinda. Mwalimu anasema ukimuuliza kitu anaangalia chini. Pengine akili ilibaki kule. Acha akae ku nyumba, alinde mutoto mudogo, mi niende kuuza sambaza."

Tulinyamaza. Na ukweli ni kwamba nusu yetu tulikubaliana naye. Shule ya serikali hailipishi ada, lakini kuna mchango wa chakula, franga 975 kwa muhula kwa mtoto wa msingi, kuna sare, kuna madaftari, kuna viatu. Mama aliyekuwa na duka Goma na sasa anauza samaki kwenye beseni anahesabu kila franga. Kumtoa mtoto asiyesema neno darasani, kwake ilikuwa hesabu, siyo ukatili. Tulimwomba tu atupe mpaka mwisho wa mwezi.

Aliyetuokoa ni mwenzetu anayekaa uwanja mmoja na familia hiyo. Usiku mmoja alitoka kuchota maji, akasikia sauti ya mwalimu ndani ya chumba chao. Mwalimu saa mbili usiku? Akasogea dirishani. Ni yule binti. Amemkalisha mdogo wake wa miaka minne kwenye godoro, anamfundisha kwa Kiingereza: salamu ya asubuhi, majina ya siku, kuhesabu mpaka hamsini, kusahihisha, mpaka kukohoa alikuwa anaiga kukohoa kwa mwalimu wake. Somo zima la siku ile alikuwa nalo kichwani. Ni mdomo tu uliokuwa haujafika darasani.

Mwenzetu alitusimulia kesho yake. Tukaona aibu, halafu tukaanza kutafuta na kusoma. Tuliyoyakuta tunawagawia hapa kwa ufupi.

Mwaka 1956, kule New York, madaktari wawili wa akili, mke na mume, Stella Chess na Alexander Thomas, walianza kufuatilia watoto 133 toka uchanga mpaka utu uzima. Walitaka kujua kwa nini ndugu wa tumbo moja, malezi yale yale, wanakuwa tofauti toka miezi ya kwanza. Waliona kila mtoto anakuja duniani na namna yake ya kupokea mambo. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita hulka. Hulka siyo akili, na siyo adabu. Ni kama mwendo: kuna anayetembea mbio, kuna anayetembea taratibu, wote wanafika sokoni.

Waliangalia mambo tisa. Mtoto anajongea kiasi gani. Usingizi na njaa yake vina saa au havina. Akikutana na kitu kipya anakikaribia au anarudi nyuma. Anazoea haraka au polepole. Analia na kucheka kwa nguvu gani. Kwa kawaida yuko na furaha au na manung'uniko. Anashikilia kazi mpaka mwisho au anaiacha. Kelele kidogo inamtoa kwenye kazi au haimtoi. Na kitu kidogo kiasi gani kinatosha kumsumbua, kama mwanga, harufu au nguo inayochoma.

Kutokana na hayo waliona makundi matatu. Watoto kama 40 katika 100 ni wepesi: wanazoea upesi, hawasumbui. Kama 10 katika 100 ni wagumu: wanalia kwa nguvu, wanakataa mapya, hawana saa. Kama 15 katika 100 ni wa kupasha moto polepole: kitu kipya wanakikataa kimya kimya, bila fujo, lakini ukiwapa muda wanakizoea kabisa. Waliobaki ni mchanganyiko, hawaingii kundi lolote.

Tuliposoma hilo kundi la tatu, tulitazamana. Ziwa! Yule binti hakuwa mwoga. Alikuwa anapasha moto.

Na kuna jambo lililotuchoma zaidi. Mwaka 1967 Thomas na mwenzake Gordon waliandika juu ya watoto wadogo wa shule na walimu wao. Waliwagawa watoto kama sisi tulivyowaona ufuoni: wanaojirusha kwenye jambo jipya, wanaofuata wengine, wanaosimama pembeni kwanza, na wasioshiriki. Kisha wakalinganisha akili ambayo mwalimu alidhani mtoto anayo na ile iliyopimwa. Wanaojirusha walipewa akili zaidi ya waliyo nayo. Wanaosimama pembeni walipunguziwa. Yaani mwalimu mzuri kabisa, mwenye nia njema, alisoma mwendo wa mtoto akadhani anasoma akili yake. Ni kile kile tulichofanya sisi pale mchangani na mandazi yetu mkononi.

Basi, tulifanya nini? Vitu vidogo, na hakuna kilichogharimu franga.

Kwa Jumamosi tatu tulimwacha binti akae karibu na mlango, bila mtu kumwuliza swali lolote. Wengine wetu ilituuma, tuliona kama tunampoteza. Jumamosi ya nne tukaanza kumpa swali lake mapema: Ijumaa jioni mwenzetu wa uwanja wao anamwambia, "Kesho nitakuuliza hili." Kesho yake anajibu, kwanza kwa mtu mmoja sikioni, baadaye mbele ya watatu, baadaye mbele ya wote. Kisha dada mmoja kati yetu anayesema Kinyarwanda vizuri alimsindikiza mama shuleni. Mwalimu siyo mtu mbaya. Darasa lake lina watoto zaidi ya sitini, na asiyesema katika sitini ni rahisi kumsahau. Alisikiliza. Alikubali mtoto amsomee peke yake wakati wa mapumziko, dakika tano, mara mbili kwa wiki.

Hatutadanganya kwamba ilikuwa muujiza. Kuna wiki alirudi nyuma kabisa. Alipobadilishwa nafasi ya kukaa darasani alinyamaza tena siku kumi. Lakini mwisho wa muhula alileta buletini yenye nusu na kidogo juu, na mwalimu aliandika kwamba anasoma vizuri kwa sauti. Mama yake aliishika karatasi muda mrefu, akasema maneno mawili tu: "Kumbe anasikiaka."

Hajamtoa shuleni. Anaenda.

Hapa tungeweza kumaliza na mngepiga makofi. Lakini tulikubaliana kwamba tukiandika tutaandika yote, na yule binti ni sehemu inayotupendeza tu.

Kulikuwa na kijana wa miaka kumi na miwili. Familia yake inatoka Masisi, kwenye milima ya ng'ombe. Kinyarwanda anakijua toka utotoni, kwa hiyo lugha ya uwanjani haikumpa shida kama wengine. Shida yake ilikuwa nyingine: hakai. Ukiandika mstari mmoja ubaoni, ameshasimama mara tatu, amegusa shati la mwenzake, ameuliza swali la kesho, amejibu swali la mtu mwingine. Wakati mwingine jibu lake ni sahihi kabisa na linatoka kabla hatujamaliza kuuliza. Shuleni walikuwa wanamtoa nje. Nyumbani wako watu sita kwenye chumba kimoja, na mwenye nyumba alishasema mara mbili kwamba kelele ikizidi watahama.

Baba yake alituambia kitu ambacho hatukukipa uzito siku ile. Alisema kule Masisi mtoto huyo alikuwa sifa ya nyumba. Asubuhi anatoka na ndama, anapanda, anashuka, jioni anarudi bado ana nguvu za kuchota maji. Watu walimwita mtoto wa kazi. "Ni ule ule mutoto," baba alisema. "Hapa wanamuita shetani."

Ni ule ule mtoto. Hulka ile ile, fasi nyingine.

Siku moja aliruka, akaangusha ubao wetu, ukapasuka kati. Ubao wa mbao tu, lakini ulikuwa wa pekee. Tulikasirika. Tulimwambia mbele ya wote: toka, usirudi mpaka ujue kukaa. Alitoka. Hakurudi Jumamosi ile wala iliyofuata, na sisi, tuseme ukweli, tulipumua. Darasa lilikuwa tulivu. Tulijisifu hata.

Mwezi mmoja baadaye wawili wetu tulikuwa Petite Barrière tukamwona katikati ya watu, gunia la nyanya kichwani, anavusha mzigo wa mama mmoja mchuuzi. Siku ya masomo, saa nne asubuhi. Shule nayo alishaiacha. Tulimwita, tukamfokea kidogo kama kaka zake. Hakukasirika. Alicheka, akasema: "Uku hakuna mutu anasema nikae." Akaendelea na mzigo wake.

Tumelifikiria sana neno hilo. Thomas na Chess walisema shida haimo ndani ya hulka peke yake. Iko kwenye kufaana: hulka ya mtoto na kile ambacho nyumba, shule na mtaa vinamdai. Walifuatilia pia familia za wahamiaji kutoka Puerto Rico, watu wenye kipato kidogo waliokaa kwenye vyumba vidogo, wakiogopa kuwaachia watoto barabarani kwa sababu ya hatari. Huko, mtoto wa kujongea sana alikuwa tatizo kubwa ambalo kwenye familia zenye nafasi halikuonekana karibu kabisa. Soma tena sentensi hiyo ukifikiria chumba kimoja cha watu sita hapa Nengo. Hatuhitaji kwenda New York kuielewa.

Kwa hiyo tunasema wazi: kijana yule hakushindwa masomo. Sisi tulikuwa na kazi ya kumpa: kugawa chaki, kufuta ubao, kuchota maji ya kunywa, kusimamia wadogo kwenye michezo ya hesabu, na kusoma dakika kumi badala ya saa nzima. Tulikuwa na baraza na uwanja mbele yake. Badala yake tulimpa kitu kimoja tu ambacho hakuwa nacho, kukaa, tukamfukuza kwa kukikosa. Kufukuzwa ameshafukuzwa vya kutosha, jamani. Kutoka Masisi, kutoka Goma, kutoka darasani, halafu na sisi.

Wa tatu ni mtoto wa miaka tisa, na yeye tulimpenda wote. Anakuja mapema, anasalimia kila mtu kwa adabu, anakaa, anatabasamu. Daftari lake ni safi kuliko yetu, mwandiko kama wa kuchapwa. Wazazi wengine walikuwa wanawaambia watoto wao, "Muone mwenzenu." Mihula miwili ilipita. Siku moja mmoja wetu, kwa bahati tu, alimwomba asome alichoandika. Akatabasamu. Akaombwa tena. Akatabasamu tena, machozi yakaanza. Alikuwa hawezi kusoma hata neno moja la daftari lake. Alikuwa anachora herufi kutoka ubaoni kama mtu anavyochora maua.

Huyu ni mtoto mwepesi, kundi la 40 katika 100. Hakumsumbua mtu, basi hakuna mtu aliyemwangalia.

Kuna habari moja ya Afrika Mashariki hapa hapa ambayo ilitunyamazisha. Miaka ya 1970 daktari Marten deVries alikuwa Kenya kati ya Wamasai, wakati ukame mkali ulipoanza kuua mifugo. Alikuwa amepima hulka za watoto wachanga, akawatenga kumi wepesi kabisa na kumi wagumu kabisa. Aliporudi kuwatafuta baada ya miezi kadhaa, familia nyingi zilikuwa zimehama kutafuta majani, akazipata 13 tu. Katika watoto 7 wepesi, 5 walikuwa wamekufa. Katika 6 wagumu, alikuwa amekufa 1. Ni watoto wachache, mtu hawezi kujenga sheria juu yao. Lakini maelezo yake yanaeleweka kwa kila mama: wakati wa njaa, anayelia kwa nguvu anapewa ziwa kwanza. Mpole anasubiri. Na kusubiri kuna mwisho.

Tangu siku hiyo hatumsifu tena mtoto kwa kutosumbua. Tunamwomba asome.

Sasa, tahadhari moja, na hii ni nzito. Siyo kila ukimya ni hulka. Kuna watoto kati yetu walioona mambo ya Januari 2025 ambayo mtu mzima hawezi kuyabeba. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele akawa bubu, aliyekuwa analala akawa anaamka usiku akipiga mayowe, anayeruka kila mlango ukigongwa: huyo ameumizwa, na tusimwambie ndivyo alivyoumbwa. Sisi tumejifunza kuuliza wazazi swali moja: "Mbele ya vita alikuwa hivi?" Mama akisema, "Toka anatambaa alikuwa hivi," tunampa muda. Akisema, "Hapana, alibadilika," basi muda peke yake hautoshi, tunamsindikiza kituo cha afya aonane na mtu aliyesomea mambo hayo. Swali dogo, lakini kabla ya kulijua tulikuwa tunachanganya yote mawili.

Tahadhari ya pili: hulka siyo gereza. Tukisema binti yule ni wa kupasha moto polepole, hatusemi abaki pembeni maisha yote. Tunasema mlango wake uko upande mwingine. Wazee wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ni kweli. Lakini kulea siyo kukunja wote kwa kipimo kimoja. Vidole vya mkono mmoja havilingani, na hakuna mtu anayekata kirefu ili vifanane.

Tunaomba nini, basi?

Wazazi wetu, kabla ya kusema mtoto hana akili, msikilizeni akiwa peke yake, akicheza, akifundisha mdogo wake, akihesabu chenji ya sambaza. Akili huwa inaonekana fasi ambayo hakuna anayeipima. Na mkimpeleka shule mpya, mwambieni mwalimu alivyo. "Mtoto wangu anachukua muda." "Mtoto wangu anahitaji kazi ya mikono." Maneno hayo machache yanaweza kumwokolea mwaka.

Walimu wetu, tunajua mna sitini na zaidi, na mshahara mnaujua ninyi. Hatuombi kila mtoto apewe somo lake. Tunaomba tu jibu la kwanza lisiwe jibu pekee. Ukihesabu mpaka kumi kimya baada ya kuuliza swali, kuna mikono itakayoinuka kwenye sita na saba ambayo kwenye mbili haikuwepo. Tumejaribu. Inainuka.

Na sisi wenyewe, vijana, tuache majina. Mwoga, shetani, bubu, mtoto wa baraka. Hata lile zuri lilikuwa linamficha mtoto asiyejua kusoma.

Mtoto wa tabasamu ameanza upya na herufi. Anaona haya, lakini anakuja, na sasa amejifunza kusema "sijaelewa" kwa Kiingereza. Tunamfanya aseme angalau mara moja kila Jumamosi. Tukiisikia tunapiga makofi.

Kijana wa Masisi tumeenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza hatukumkuta. Mara ya pili alikuwepo, alitusikiliza amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Tulimwomba msamaha mbele ya baba yake, na hilo lilimshangaza kuliko yote. Tulimwambia tuna mbao mbili, misumari na rangi nyeusi, na hakuna kati yetu anayejua kuunganisha ubao vizuri. Hakusema ndiyo. Aliuliza mbao zina unene gani.

Jumamosi hii tutaziweka barazani, na nyundo juu yake, na hatutamwita. Tukipata habari tutawaandikia.

Mbaki na amani.